Maneno Niliyoyachapa kwa Jina la Baba Yako

Nkwimba,

Mambo ya begi, ya blanketi na ya nani atakupokea Dar, mama yako mdogo Minza amekwisha kuyasema mara tatu, na ulimsikiliza vizuri kuliko unavyonisikiliza mimi. Sitayarudia. Umetoka kwenda kuaga rafiki zako, nyumba imetulia, na mimi nimekaa hapa mezani nina hasira. Nakwambia mapema usije ukafungua karatasi hizi ndani ya basi ukidhani ni barua ya machozi.

Hasira hii ni ya tangu Jumapili. Wageni wamekaa, chakula kimeliwa, ukaleta kile kitabu alichokutumia baba yako, kamusi ya Kinolari na Kiswahili, ukasimama kuwasomea dibaji. Ulisoma kwa sauti nzuri, sikatai. Ukafika pale anaposema kwamba neno *ladoruva*, la watu wanaolimiana mashamba kwa zamu, alilitunga akimkumbuka bibi yake mzaa baba, aliyekuwa akipiga kigelegele mwisho wa kila tuta ili wenzake wasichoke. Wageni wakapiga makofi. Minza akauliza kwa utani, "Na mama yako alikuwa wapi wakati huo?" Ukajibu ukicheka, "Mama alikuwa anachapa."

Nikaenda jikoni. Mlidhani nimefuata chai.

Mwanamke aliyekuwa akipiga kigelegele mwisho wa tuta ni mama yangu, bibi yako Ng'wasi wa Kasoli. Bibi mzaa baba wa baba yako aliishi Malampaka karibu na reli, akiuza maandazi kwa abiria wa treni, na kama aliwahi kushika jembe la kulimiana mimi sikusikia. Sasa kaa vizuri nikueleze jinsi mama yangu alivyoingia kwenye dibaji ya mtu mwingine. Mlango nilimfungulia mimi mwenyewe.

Nilikuwa mpiga chapa wa ushirika wa pamba hapa Bariadi, enzi hizo bado tuko Mkoa wa Shinyanga. Vidole vyangu vilikuwa na sifa. Kisha soko likafunguliwa, wanunuzi binafsi wakaja na malori yao, na ushirika ukaanza kukohoa. Asubuhi moja tulikusanywa uani tukasomewa majina ya waliopunguzwa. Langu lilikuwa la nne. Walituachia tuondoke na vitu ambavyo hakuna aliyevihitaji tena, mimi nikaondoka na mashine ya chapa. Nikaiweka barazani kwenye duka moja karibu na stendi, nikawa nachapia watu barua za kazi, mashtaka ya mipaka, maombi ya talaka. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano na nilijiona nimeshamalizika.

Hapo ndipo alipokuja Mwalimu Mayunga, baba yako. Alikuwa anafundisha Kiingereza sekondari. Alishika daftari la kaunta, akaliweka mbele yangu kama mtu anayeweka mtoto mchanga.

"Dada, nichapie haya. Usibadilishe hata herufi moja."

Nikafungua. Upande mmoja maneno ambayo sijapata kuyaona, upande wa pili Kiswahili. Nikamuuliza ni lugha ya wapi. Akasema si ya popote. Ni lugha iliyobuniwa, watu wa mataifa mbalimbali wameitunga ili wakikutana asiwepo mmoja ambaye yuko kwao na mwingine ambaye ni mgeni. Alijifunza kwa vijitabu vya posta alipokuwa chuo cha ualimu. Nilimwona kama mtu aliyepungukiwa kidogo. Lakini nilichapa, na ukurasa wa pili nikasimama.

"Mwalimu, hapa umeandika *tesha* ni ng'ombe mdogo."

"Ndiyo. Ng'ombe jike mdogo."

"Ng'ombe mdogo ni ndama. Maelezo yako yanasema amekua ila hajazaa. Huyo ni mtamba."

Akaninyang'anya daftari, akasoma, akaniangalia. "Umejuaje?"

"Nimechunga. Kaka zangu walikuwa shule."

Siku ile aliondoka. Kesho yake alirudi na kijitabu chenyewe cha Kinolari, akaniachia. Hivyo ndivyo tulivyoanza, na nisikudanganye, ilikuwa furaha. Nilikisoma kijitabu kile hadi kikachanika mgongo. Ukitaka kujua kwa nini niliolewa na baba yako, ni kwa sababu alikuwa mtu wa kwanza kunipa kitu kigumu akakaa pembeni kusubiri nikifungue. Baadaye alibadilika, au labda sikumwona sawasawa tangu mwanzo. Hilo sijalimaliza kichwani hata leo.

Ulipokuwa umeanza kutembea, ikafunguliwa kafe ya kwanza ya intaneti hapa mjini. Kompyuta tatu, simu moja, ukurasa mmoja ukifunguka mtu ameshamaliza kikombe cha chai. Baba yako alikuwa amesikia kwamba watu wa Kinolari wameanzisha kamusi kwenye mtandao. Kila mwenye lugha yake anajiandikisha, anaingiza maana kwa lugha yake, na neno likikosekana anapendekeza jipya. Wengine wanalijadili, wakikubali linaingia. Hakuna mwenye kamusi, ni ya wote. Nilipoelezwa hivyo nilisisimka mwili mzima. Nilikuwa nimetoka kwenye ushirika uliokufa, na hapa nilikuta ushirika mwingine ambao hakuna lori la mnunuzi lingeweza kuusomba.

Tukaenda wote kujiandikisha. Baba yako hakujua kuchapa, alidonoa kwa kidole kimoja na mtandao ukakatika kabla hajamaliza jina. Nikakaa mimi kwenye kiti. Kulikuwa na sehemu ya majina ya waandishi wa Kiswahili.

"Niandike mawili?" nikamuuliza.

"Mawili ya nini?"

"Lako na langu."

Akacheka, wala si kwa ubaya. "Kabula, mchapaji haandikwi. Na sisi si kitu kimoja? Jina langu si ndilo lako?"

Nami nikacheka. Nkwimba, hapa ndipo nataka usome polepole. Hakunishika mkono, hakunifokea, hakunitisha. Alisema neno la kijinga nami nikalicheka kama vile ni tamu, kisha kwa vidole vyangu hivi nikaandika jina lake peke yake. Nikabonyeza. Hasira niliyonayo kwa baba yako ni kubwa, lakini ile niliyonayo kwa yule mwanamke aliyecheka ni kubwa zaidi, na huyo siwezi kumkimbia kwa kupanda basi.

Basi, kwa miaka kadhaa nilifanya kazi nikiitwa Ndugu Mayunga. Baba yako alikuja kafe Jumamosi, akasoma, akasema vizuri, akaenda kwenye mpira. Mimi nilikuwa pale siku nyingine zote, baada ya kuchapa za watu. Sokoni nilikuwa nauliza wanawake mpaka wakanizoea: hiki unakiitaje, na hiki kina tofauti gani na kile? Kinolari kilikuwa na neno moja tu la mpunga, mchele na wali. Nikaandika kwenye ukumbi wa majadiliano kwamba kitu kilicho shambani, kilicho kwenye gunia na kilicho kwenye sahani haviwezi kuwa kimoja, mwenye njaa anajua tofauti. Mzungu mmoja akanijibu kwamba lugha lazima iwe nyepesi. Nikamjibu kwamba nyepesi kwake, kwa sababu yeye hununua kilichokwisha kukobolewa. Mwanamke wa Ufilipino akaniunga mkono, tukabishana siku tatu, maneno matatu yakapita. Watu wakaandika, "Ndugu Mayunga ana hoja nzito." Nikayasoma hayo nikitabasamu kama mtu anayesikiliza mwanawe akisifiwa darasani.

Ndipo nikalitunga neno *ladoruva*. *Lado* ni mkono, *ruva* ni zamu. Niliandika chini yake habari ya mama yangu shambani Kasoli, jinsi alivyokuwa akipiga kigelegele mwisho wa tuta, na niliandika "mama yangu". Baadaye nikafikiri, hawa wanadhani mimi ni mwanaume, Mayunga, na mama yake Mayunga wengine hapa mjini wanamjua. Basi nikabadilisha nikaweka "bibi yangu". Mimi ndiye niliyembadilisha. Yeye alichofanya ni kumchukua alivyomkuta.

Neno lile lilishika. Nililiona kwenye barua za watu wa Brazili, wa Hungaria, wa Japani, wakilitumia kwa mambo yao: kulea watoto kwa zamu, kumwangalia mgonjwa kwa zamu. Nilichapisha kurasa zile kwenye karatasi, nikapanda gari kwenda Kasoli kumwonyesha bibi yako. Alikuwa ameshaanza kuumwa miguu. Hakujua kusoma, unajua. Nikamweleza kwa Kisukuma kwamba kigelegele chake kimefika ng'ambo. Alicheka hadi akakohoa. Halafu akaniita mama kwa Kisukuma, "Mayu, na wewe uko wapi humu? Nionyeshe jina lako."

Nikaangalia karatasi. Kulikuwa na jina moja tu.

"Hili hapa," nikasema.

Akaweka kidole chake juu ya jina la baba yako, akakipitisha polepole toka herufi ya kwanza mpaka ya mwisho. "Wabeja," akasema. "Wabeja, ng'wanone," asante, mwanangu. Akaniomba nimwachie karatasi ile. Alipofariki tuliikuta ameikunja ndani ya kitenge chake kizuri, na wewe ulikuwapo siku hiyo, ulikuwa mdogo, uliniuliza kwa nini ninaichana.

Usiponielewa kwa mengine yote, nielewe kwa hilo. Nilimdanganya mama yangu ili nisimsumbue mume wangu.

Baba yako akafanywa msimamizi wa Kiswahili kwenye ile kamusi. Msimamizi ana uwezo wa kupitisha neno na kufuta neno. Ukaja mwaliko wa mkutano wao huko nje, ukaja na jina lake, kwa hiyo akaenda yeye. Nilimpigia suti pasi. Kabla hajaondoka nilimchapia majibu ya maswali atakayoulizwa kuhusu maneno, maana yalikuwa hayakai kichwani mwake. Aliporudi alikuwa na watu wapya. Akapata kazi Dar kwenye mambo ya lugha, akasema atatangulia, sisi tutafuata ukimaliza darasa la pili. Darasa la pili ukamaliza. La tatu ukamaliza. Kisha ikaja barua yake kwamba ameoa huko, ila majukumu yake kwako hayatapungua. Hayo ya mapenzi unayajua na nilikwisha kukuambia, sikuandikii kwa ajili hiyo.

Nakuandikia kwa ajili ya nilichofanya kesho yake, ambacho hakuna mtu anakijua.

Nilikwenda kafe ilipofunguliwa tu. Niliingia kwa jina la baba yako, maana nywila niliitengeneza mimi. Nikafungua sehemu ya shamba na mimea, ambayo karibu yote ilikuwa jasho langu, nikaanza kufuta. Kila neno mashine iliuliza kwa Kinolari: una uhakika? Nikajibu ndiyo. Una uhakika? Ndiyo. Nilijisikia vizuri, Nkwimba. Nilijisikia kama mtu anayevunja sahani za nyumba aliyofukuzwa.

Lakini sehemu ile haikuwa yangu peke yangu. Kulikuwa na mtu wa Brazili, jina lake Benedito, fundi wa kushona viatu. Kwa miaka miwili alikuwa ameingiza humo mimea ya mto wa kwao, mmoja mmoja, na kila mmoja aliandika unatibu nini na unanukiaje. Mara nyingi tuliandikiana, nikimsaidia kupanga maneno. Alikuwa mpole, alipenda kuuliza hali ya mvua huku. Nilipofika kwenye mimea yake niliiona. Nilijua ni ya nani. Ningeweza kuiruka. Sikuiruka. Nilitaka kila mtu kwenye kamusi ile apoteze kitu siku ile, na yeye alikuwa karibu.

Siku ya pili nikakuta ujumbe wake. Mstari mmoja: "Ndugu Mayunga, nimekukosea nini?"

Nilikaa mbele ya maneno yale mpaka mwenye kafe akaniuliza kama mtandao umekatika. Nikasema ndiyo. Ili nimjibu ilinibidi kwanza nimwambie mimi ni nani, na hilo sikuwa nimelifanya kwa mtu yeyote kwa miaka yote ile, nikaona aibu kulianza kwa mtu niliyemtia hasara. Nikaondoka. Wiki hiyo hiyo baba yako akabadilisha nywila. Aliwatangazia wenzake kwamba wahuni wa mtandao wamemwingilia, akarudisha maneno ya Kiswahili kutoka kwenye diski aliyoondoka nayo, ambayo nilimwandalia mimi. Mimea ya Benedito haikuwamo. Benedito hakuandika tena.

Unaona sasa. Umekua ukiniona mtu asiyependa makuu, mtulivu, wa kanisani na dukani. Watu hunisifu kwa utulivu huo. Haukuwa utulivu. Nilikuwa nimejificha, kwa baba yako na kwa yule fundi viatu, na kwako pia, kwa sababu kukueleza habari ya kwanza kungenilazimisha kukueleza ya pili. Ndiyo maana Jumapili sikuweza kufungua mdomo mbele ya wageni. Ulisema nilikuwa nachapa. Ni kweli, nilikuwa nachapa. Nilikukasirikia sana, na bado nimekukasirikia kidogo, lakini ungejuaje wakati mimi ndiye niliyekulea kwenye uongo huo?

Unakwenda kuishi kwa baba yako ili usome. Nenda. Ni nyumba yako pia, na mkewe nasikia ni mtu mwema. Sikutumi kunipigania. Usimsomee barua hii mezani ukitetemeka sauti. Siku ukiwa na swali lako mwenyewe muulize, muulize hata neno dogo tu, *tesha* ni nini, uone kama anakumbuka alikosea wapi. Akikujibu vizuri, mpende kwa hilo. Hajawahi kukuchukia wewe. Na mimi usinipatanishe naye kwa simu, sitaki, nina haki ya hasira yangu na bado sijaimaliza.

Wiki hii umeniuliza mara mbili kwa nini kila siku nashinda kafe wakati nina wateja. Nilikwambia naandaa mitihani ya shule. Huo ni uongo wa mwisho.

Jumatatu, baada ya ile dibaji yako, nilikwenda nikajiandikisha kwenye kamusi kwa majina yangu, yote mawili. Nikamtafuta Benedito, ukurasa wake bado upo. Nikamwandikia kila kitu, nani alikuwa Ndugu Mayunga, nani alifuta, na kwamba nilijua ninachofuta. Sikuandika samahani nyingi, niliandika moja. Jumatano akanijibu. Hakunisamehe. Aliandika kwamba majina yale alipewa na mama yake akiwa kitandani, na kwamba alikuwa hayajui kwa kichwa, na kwamba sasa hana wa kumuuliza. Akaandika, "Kama una chochote, kirudishe. Halafu tutaona kama tuna la kuzungumza."

Ninacho. Kurasa za sehemu ya shamba na mimea, nilizokuwa nachapisha enzi zile kwa kuogopa mtandao kukatika, nilizihifadhi juu ya kabati, na mchwa wamekula kiasi lakini nyingi zinasomeka. Basi ndiyo kazi yangu tangu Jumatano. Naingiza mmea mmoja mmoja na unavyonukia. Palipoliwa na mchwa naandika kwamba pameliwa, sibuni. Chini ya kila mmoja naweka jina lake yeye, na kwamba umerudishwa na mimi.

Leo asubuhi kabla hujaamka nilikwenda kuangalia. Kulikuwa na mstari wake mmoja. Ameandika, "Kabula, mmea wa tatu umeukosea. Majani yake hayanuki, kinachonuka ni gome. Rekebisha."

Tangu nianze kazi hii, ukiwa bado unajifunza kutembea, ndiyo mara ya kwanza mtu wa kule kuniambia nimekosea akiniita kwa jina langu. Nikavuta kiti. Nikarekebisha.

Mama yako,
Kabula Luhende, wa Kasoli